Wale Waliofungwa Kamba

Mwaka ambao baba mdogo alirudi kutoka Geita, sebule yetu ya Samuye iligeuka kibanda umiza. Alikuwa amekaa miezi minane kwenye maduara ya dhahabu. Wengine walirudi na pikipiki, yeye alirudi na televisheni ya chogo, deki, betri ya gari na begi la CD. Ndani ya begi hilo kulikuwa na Jumong nzima, sehemu zote 81, imetafsiriwa kwa Kiswahili na jamaa mmoja mwenye sauti nzito ambaye kila akiona mtu amechomwa mkuki alikuwa anasema, "Huyo ameshakwenda na maji."

Watoto wa jirani walijaa mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa darasa la tano. Bibi alikaa pale pale alipozoea kukaa, karibu na mlango wa uani, anabangua karanga kwenye ungo. Kiswahili cha jamaa wa CD kilimpita kwa kasi, kwa hiyo alikuwa anatazama picha tu.

Kama umeiona Jumong, unakumbuka inavyoanza. Nchi ya Gojoseon imeanguka, askari wa Han wamevaa chuma, na watu wa nchi iliyoshindwa wanaswagwa njiani kama ng'ombe wa mnadani. Halafu shujaa anatokea, panga zinagongana, na sebule nzima inapiga kelele. Katikati ya kelele hizo Bibi aliuliza kwa Kisukuma, "Wale waliofungwa kamba wamepelekwa wapi?"

"Mama, hiyo ni filamu," baba mdogo akasema.

"Nimeona ni filamu. Nauliza wamepelekwa wapi."

"Bibi, subiri," nikasema mimi, kwa ukali kidogo, maana shujaa alikuwa amepanda farasi.

Hakuuliza tena. Filamu nayo haikujibu.

*

Samuye ipo kwenye barabara ya kutoka Shinyanga mjini kuelekea Tinde. Malori yanapita usiku kucha, na mchana kuna jua, mbuyu mmoja mmoja, mawe makubwa ya kuanikia michembe, na minyaa. Mgeni anaona kwanza minyaa. Kwetu ni uzio wa nyumba, uzio wa zizi, mpaka wa shamba. Haihitaji mvua, mbuzi hawaili, na utomvu wake ukikuingia jichoni utalia siku nzima.

Babu, kabla hajafariki, alitufundisha kwamba zamani minyaa ilikuwa silaha. Vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilizungushiwa uzio mnene wa minyaa na magogo, mlango mmoja mwembamba, na usiku mlango unazibwa. Alituonyesha mstari wa minyaa mizee upande wa magharibi wa shamba letu, mashina manene kama paja la mtu, akasema: hapa ndipo mababu zenu walipowazuia Watuta.

Watuta walikuwa tawi la Wangoni. Kiongozi wa Wangoni, Zwangendaba, aliwavusha mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini mwa Afrika, na alipofariki huko Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840, watu wake waligawanyika. Watuta walielekea kaskazini. Mwisho wa safari waliweka makazi Runzewe, ambako leo ni mkoa wa Geita, na kutoka huko wakawa wanashambulia Usumbwa, Uzinza na nchi za jirani. Mirambo wa Urambo alijifunza kwao namna ya kupanga jeshi, na kuna nyakati alipigana akiwa nao upande mmoja.

Sisi watoto hatukujua miaka wala ramani. Tulijua kwamba tulishinda. Jioni tulicheza vita pale kwenye minyaa, na baada ya deki kuja mchezo ukachanganyika: upande mmoja Watuta, upande mwingine Jumong. Wavulana waligombania kuwa Jumong. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana na sikuwa na upinde, nilikuwa mateka. Kazi ya mateka ilikuwa kusimama chini ya mti mpaka mtu akumbuke kuja kukuokoa. Mara kadhaa hakuna aliyekumbuka, nikaenda zangu kuosha vyombo.

*

Nilipofika chuo kikuu nilisoma historia, na sasa nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, naandika tasnifu kuhusu vijiji vyenye ngome na vita vya karne ya 19 katika ukanda wetu. Kuna kozi moja ya kulinganisha mipaka ya dola za kale. Tuliambiwa kila mtu achague mpaka mmoja nje ya Afrika. Wenzangu walichagua Roma. Mimi nilikumbuka sebule yetu, nikachagua Goguryeo, dola ambayo kwa mapokeo ilianzishwa na huyo huyo Jumong mwaka 37 kabla ya Kristo.

Nikajikuta kwenye ngome inayoitwa Ansi, mwaka 645. Mfalme Taizong wa nasaba ya Tang alivuka mto Liao mwenyewe, akaiteka miji kadhaa ya Goguryeo, halafu akakwama kwenye mji huo mmoja. Kumbukumbu za zamani zinasema askari wake walijenga kilima cha udongo kando ya ukuta kwa siku 60, mchana na usiku, ili wapande juu na kutazama ndani. Kilima kikaporomoka, kikaangukia ukuta, na watu wa Ansi wakatoka kwenye tundu hilo wakakiteka kilima chenyewe. Baridi ikaingia, majani ya farasi yakakauka, maji yakaanza kuganda. Taizong akageuza jeshi. Inasemwa kwamba mkuu wa Ansi alipanda ukutani akainama kumuaga, na mfalme akampelekea hariri kwa kuheshimu ushupavu wake.

Cha kushangaza ni kwamba jina la mkuu huyo halikuandikwa. Kim Busik, aliyekamilisha Samguk Sagi mwaka 1145, historia kongwe ya Korea iliyobaki mpaka leo, alisikitika kwamba mtu wa namna hiyo jina lake limepotea. Jina la Yang Manchun, ambalo Wakorea wanalitumia sasa na ambalo limewekwa kwenye filamu, linaonekana katika maandishi ya karne nyingi baadaye.

Na mahali penyewe leo si Korea. Wasomi wengi wanaiweka Ansi karibu na Haicheng, jimbo la Liaoning, China. Mwaka 2002 China ilianzisha mradi wa utafiti wa historia ya kaskazini mashariki mwake, na uliposikika unaihesabu Goguryeo kuwa dola ya pembezoni ya China, Wakorea waliwaka. Jumong, iliyotengenezwa na kituo cha MBC na kurushwa mwaka 2006 na 2007, ilitoka katikati ya moto huo. Kwa hiyo baba mdogo alipobeba lile begi kutoka Geita alikuwa amebeba ugomvi wa mpaka wa watu wengine, na sisi tukaushangilia bila kujua.

Insha ilikuwa inakwenda vizuri. Halafu nikafika kwenye habari ya mateka.

Baada ya kuuteka mji wa Liaodong, mwezi mmoja kabla ya kufika Ansi, jeshi la Tang lilikuwa na watu wa Goguryeo 14,000 ambao, kwa desturi ya vita, walitakiwa wagawiwe askari kama zawadi. Walipelekwa mpaka Youzhou, mahali palipo Beijing ya leo. Vitabu vya Wachina vinasema Taizong aliwahurumia kwa kuwa wazazi, watoto, waume na wake wangetenganishwa. Akaagiza wathaminishwe, akalipa fedha na vitambaa kwa askari, na wote 14,000 wakafanywa raia wa kawaida. Shangwe, wanasema, haikukatika kwa siku tatu.

Nilisoma hapo usiku, maktaba inakaribia kufungwa. Wamefanywa raia wa nchi gani? Ya China. Wameokolewa wasigawiwe, lakini hakuna mstari unaosema walirudi kwao. Kwao kulikuwa kumeshatekwa, na wao walikuwa upande wa pili wa mto.

Nikasikia sauti ya Bibi kabisa. Wale waliofungwa kamba wamepelekwa wapi?

*

Nilikwenda Samuye mwezi wa saba, likizo ya utafiti, nikiwa na barua ya chuo iliyogongwa muhuri wilayani. Ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga ziko Iselamagazi, na jina hilo ndilo Mirambo aliloliita makao yake kule Urambo. Nilipokuwa mdogo niliamini Mirambo aliishi hapo kwetu, ndani ya ofisi ya mkurugenzi.

Bibi alikuwa anaanika michembe juu ya jiwe. Nikamwamkia, "Mwangaluka," akaniitikia, akanipa kisu bila kuniuliza kama nimechoka. Tukakata viazi. Baada ya muda nikamuuliza kama anakumbuka siku ile ya deki, na kwa nini aliuliza kuhusu wale watu.

Alicheka. "Mlinifukuza kama kuku."

Kisha akaniambia. Namweka hapa kama alivyosema, isipokuwa majina, ambayo aliniomba nisiyaandike.

Ni kweli Watuta walifika. Ni kweli walizuiwa kwenye minyaa. Lakini walikuwa hawatoki kwao moja kwa moja. Walikuwa wametoka kupiga upande wa Usumbwa na walikuwa na nyara: ng'ombe, na wasichana. Walipoona hapa hapapitiki waliondoka haraka, wakaacha vilivyowachelewesha. Wanaume wa kijiji wakafungua mlango wa uzio, wakatoka, wakakusanya ng'ombe. Wakakusanya na wasichana.

"Wakawarudisha kwao?" nikauliza.

Bibi akaendelea kukata kiazi. "Ng'ombe uliwahi kusikia wamerudishwa?"

Mmoja wa wasichana hao alichukuliwa na babu wa babu yangu. Alikuwa na mke tayari. Huyu hakutolewa ng'ombe wa mahari, maana ng'ombe hao wangepelekwa kwa nani? Alipewa jina jipya. Kwetu mtu huitwa jina lake kisha ng'wana fulani, mtoto wa fulani, na ukiwataja wazee wa ukoo unashuka hivyo hivyo mpaka chini. Yeye hana ng'wana. Anatajwa kwa jina moja tu, lile alilopewa, na baada yake sauti inakatika. Alizaa watoto wanne. Sisi ni wa mtoto wake wa tatu.

"Babu alisema aliokolewa," nikasema. Nilikumbuka kabisa babu akisema hivyo: tuliwazuia Watuta na tukawaokoa mateka wao.

"Babu yako alisema alivyoambiwa na baba yake. Mimi niliambiwa na mama mkwe, na yeye aliambiwa na mama mkwe wake. Kuokolewa aliokolewa. Nyumbani hakufika."

Nilitazama mikono yake. Bibi aliolewa kwenye ukoo huu akitokea upande wa Usanda, kwa hiyo hana hata tone la damu ya yule msichana. Mimi ndiye ninayo. Habari ilikuwa imepita kwa wanawake walioolewa, mmoja akimwachia mwingine pamoja na vyungu na mawe ya kusagia, ikazunguka nje ya damu vizazi vyote, ndiyo ikanifikia.

Nikamuuliza kama yule msichana alijaribu kurudi. Alisema mama mkwe wake alimwambia jambo moja tu: kila mwaka minyaa ilipokatwa, yeye hakukubali kwenda upande wa magharibi. Walidhani anaogopa utomvu.

*

Jioni nilifanya kosa. Nilimsimulia baba mkubwa.

Nilidhani atafurahi kama mimi nilivyofurahi, furaha ya mtu wa historia aliyepata kitu ambacho hakimo kitabuni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi yako ya chuo, inasomwa na nani?"

Nikamwambia itawekwa maktaba, na kwenye mtandao pia.

"Basi isikilize hii. Wale wa ng'ambo ya minyaa ni nyumba ya mke mkubwa. Miaka 3 sasa wanataka kusogeza mpaka. Wamekwenda baraza la kata mara mbili, wameshindwa kwa sababu hawana cha kusema. Wewe unataka kuwapa cha kusema."

Mwanzoni sikuelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Kwa mila yetu, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa kwa mama yake. Hana urithi wa upande wa baba mpaka akombolewe kwa ng'ombe. Yule msichana hakutolewa ng'ombe. Watoto wake je? Hakuna anayejua kama walikombolewa, wala wangekombolewa kwa nani. Sheria za leo huenda zisijali jambo la miaka 150 iliyopita. Lakini kesi za shamba huanzia kwenye maneno ya kijijini, na maneno yakishaandikwa na mjukuu mwenyewe, mwenye digrii, nani atayafuta?

"Tunalima eka 6," akasema. "Ada yako ya kwanza ilitoka kwenye pamba ya pale."

Hakufoka. Ningeweza kubishana na mtu anayefoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Chuoni nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba Wakorea na Wachina wanagombania Ansi kwa sababu ya siasa za leo. Niliandika kama mtu aliye juu ya kilima cha Taizong, anatazama ndani ya mji wa wengine. Sasa nilikuwa ndani ya ukuta wangu, na nilitaka mtu azibe lile tundu haraka.

Nilifikiri pia juu ya vitabu nilivyozoea kuvilaumu. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Tabora wakati Waarabu wa huko walipoingia vitani na Mirambo, na akajiunga nao. Waarabu waliteka kijiji, wakawa wanarudi na nyara, na Mirambo akawavizia kwenye majani marefu kando ya njia. Stanley anazitaja hizo nyara: pembe za ndovu, marobota ya nguo, watumwa, vyote pamoja, na kisha anaendelea na vita. Baadaye Mirambo aliivamia Tabora na Khamis bin Abdullah akauawa, na jina lake tunalo. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na tarehe tunayo. Nilikuwa nimepanga kusema katika utangulizi wa tasnifu kwamba waandishi hao walinyamazia mateka. Halafu mimi, niliyekuwa na mateka mmoja mkononi, nikaombwa ninyamaze, na nikaona sababu ya kunyamaza ni nzuri. Ni eka 6.

*

Mwisho nilifanya hivi. Katika tasnifu nimeandika sura juu ya mateka kwa kutumia maandishi ambayo tayari yako wazi kwa kila mtu. Habari ya Bibi haimo. Msimamizi wangu alisema sura hiyo ni nzuri ila inakosa sauti ya watu wenyewe, akaniuliza kama sikupata mahojiano. Nikamwambia sikupata. Huo ni uongo, na nimeusema kwa mtu ninayemheshimu.

Hapa nimeiandika kwa sababu Bibi aliniruhusu. Nilimuuliza mara mbili. Alisema habari ni ya mtu aliyeibeba, na aliyeibeba sasa ni mimi, ila jina la ukoo nisiliweke, na shamba nisilionyeshe lilipo. Minyaa mizee iko mingi Samuye. Baba mkubwa nimemsomea, na alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia tu nibadilishe idadi ya eka, na nimebadilisha.

Siku moja kabla sijaondoka nilifungua kompyuta yangu uani. Jumong nilikuwa nayo, safari hii bila yule jamaa wa sauti nzito. Baba mdogo akaja na kigoda. Nilitafuta sehemu ya kwanza, pale mwanzoni, wale watu wanaposwagwa njiani, nikasimamisha picha.

Bibi alisogea mpaka uso ukawa karibu na kioo. Akatoa kidole kilichokuwa na unga wa michembe, akaanza kuwahesabu, wanawake tu. Wengine walikuwa wamefunikwa na farasi, akaniambia nisogeze kidogo. Nikasogeza. Akarudia kuhesabu.

"Tisa," akasema. "Na huyu mdogo hapa nyuma, kumi."

Baba mdogo akataka tuendelee, vita inakuja. Bibi akamwambia angoje.